Usiipande nje hiyo miche kesho, nilipoteza 52 kwa haraka kama hiyo yako

Mkuu weka jembe chini kwanza. Salamu utanisamehe, nimefika pale ulipoandika "kesho naipanda yote nje" moyo ukanipiga paa, nikaacha nilichokuwa nafanya nikakaa kuandika hili jibu.

Kama nimekuelewa, miche yako ya nyanya, pilipili na matango uliyoilea dirishani tangu mwisho wa baridi imeshafika shibiri moja, jua limewaka siku nne mfululizo, na kesho Jumamosi unaihamishia bustanini yote kwa mkupuo. Halafu ukaomba na orodha ya kazi zingine za mwisho wa machipuko kabla kiangazi hakijaingia, nyasi, waridi, tulipu zilizomaliza kuchanua, matandazo, konokono, kupogoa vichaka. Hayo ya orodha tutayagusa tukifika. La kwanza na kubwa, kesho USIPANDE. Miche iliyolelewa ndani haiendi shambani kabla haijakomazwa, yaani kuzoeshwa jua na upepo wa nje kidogo kidogo, na udongo wenyewe uwe umeshapata joto. Mimi sikuyajua hayo mawili na nimeyalipia.

Mwaka ule nilianza nyanya na pilipili wiki nane kabla ya kuzipanda nje, matango nikayaanza baadaye kidogo kwa kuwa yanakimbia. Trei ya matundu 72, ikaota miche 63 yenye afya. Kila asubuhi kabla hata sijanawa uso naenda kuzungusha trei, maana miche inainamia kwenye mwanga, unaigeuza ili inyooke. Unajua mwenyewe inavyokuwa, mche unatoka ukiwa bado umevaa ganda la mbegu kichwani kama kofia, unasubiri ulivue wenyewe, siku ya tatu unaukuta umefungua majani mawili ya mwanzo. Wiki nane za hivyo. Kwa hiyo mtu akiniambia "si miche tu utaotesha mingine" simuelewi kabisa, kwa sababu nyanya ikishapandwa shambani inataka siku 60 hadi 80 hivi ndo uanze kuchuma, ukiweka na wiki nane za kuotesha upya, baridi inakukuta bado una matunda mabichi. Ukiua miche mwisho wa machipuko umeua msimu mzima, hamna pa kuurudisha.

Sasa ikafika wiki kama hii yako. Anga buluu, jua zuri, watu wametoka na mikono mifupi. Nikasema leo ndo leo. Nikaanza kupanda saa nne asubuhi nikamaliza saa saba, jua la utosini, na kaupepo ambako mimi nilikaona kanaburudisha. Saa tisa narudi kuangalia, miche imelala. Yote. Nikamwagilia. Saa kumi na moja nikamwagilia tena mpaka udongo ukawa tope. Jioni ikainuka kidogo nikajua nimeiokoa.

Kesho yake majani ya juu yakatoka mabaka. Hayakuwa ya njano, yalikuwa meupe yenye mng'ao kama karatasi ya kufungia, ukilishika jani linavunjika na unasikia mlio wake. Nikadhani ni ugonjwa. Nikauliza dukani nilikonunua mbegu, nikaambiwa bila hata mtu kuja kuangalia kwamba huo ni ukungu, nikauziwa dawa, nikapulizia. Mkuu, dawa ya ukungu kwenye mche ulioungua jua! Na juu yake nikaambiwa niweke mbolea ya kukuzia "ipate nguvu", nikaweka, mizizi yenyewe imeshtuka, iko kwenye udongo wa baridi, haina uwezo wa kunywa hata maji ya kawaida, mimi naimwagia chumvi za mbolea. Mpaka leo nikikumbuka hasira inanipanda, maana yule muuzaji angeniuliza swali moja tu, "hii miche ilikuwa wapi wiki iliyopita?", angejua shida ni nini.

Usiku wa tano ndo ukamalizia. Utabiri ulisema kiwango cha chini kitakuwa nyuzi 3. Nikajipigia hesabu ya shule ya msingi, maji yanaganda kwenye sifuri, tatu bado iko juu ya sifuri, nikalala. Alfajiri natoka nakuta nyasi nyeupe. Majani ya nyanya yalikuwa ya kijani cha giza, yanang'aa kama yamepakwa vanishi, nikagusa moja likawa gumu kabisa mkononi. Nikajipa moyo kwamba jua likipanda yatarudi. Jua likapanda, kufika saa tatu yote yamekuwa meusi, laini, yananing'inia kwenye shina kama matambara yaliyoloa. Nilikaa pale chini ukingoni mwa tuta nikahesabu. 63 nilizopanda, zilizokuwa na kitu cha kijani kwenye ncha ni 11. Matango hata moja halikubaki.

Na hizo nyuzi 3 za utabiri nataka uzielewe vizuri kwa sababu ndo zinazoua watu kila mwaka. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hakilazwi chini kwenye tuta, kinakaa ndani ya kisanduku chenye kivuli, mita moja na kitu hadi mbili kutoka ardhini. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi na majani yanapoteza joto kwenda juu angani, hewa baridi ni nzito inashuka na kulala chini kabisa, kwa hiyo pale mche wako ulipo panaweza kuwa na baridi zaidi kwa nyuzi kadhaa kuliko namba uliyoiona kwenye simu. Simu inasema 3, kwenye tuta ni sifuri au chini ya hapo. Ukiona utabiri wa nyuzi 4 kushuka chini na anga ni safi na kumetulia kimya, wewe hesabu kwamba jalidi inakuja, yaani ile barafu nyeupe niliyoikuta kwenye nyasi. Na kama bustani yako iko bondeni au chini ya mteremko, au kuna ukuta upande wa chini unaozuia hewa isiendelee kushuka, basi hewa ya baridi inajaa pale kama maji kwenye beseni. Jirani wa juu mlimani anaamka miche yake mizima, wewe yako imekufa, na mlipanda siku moja.

Sasa nije kwa yule aliyenipoteza. Nilikuwa namfuatilia jamaa mmoja wa video za bustani, sitamtaja, wapenzi wake wako wengi na sitaki vita. Huyu bwana alisema kwa kujiamini kabisa, tafuta tarehe ya jalidi ya mwisho ya eneo lako, ikishapita panda kila kitu. Basi. Hiyo ndo elimu yote. Hakusema kwamba hiyo tarehe ni wastani wa miaka mingi. Wastani mkuu! Mara nyingi ile tarehe inayotajwa ni ile ambayo katika miaka kumi, mitano jalidi inakuja tena BAADA yake. Yaani anakwambia urushe sarafu na miche yako ya wiki nane. Na kilichoniumiza zaidi, nilirudi baadaye kuiangalia video ile ile kwa makini, nyuma yake kuna banda la plastiki lenye pande zilizofunguliwa wazi. Miche yake ilikuwa imeshapigwa na upepo na jua siku kibao kabla ya kamera kuwashwa. Yeye anaichomoa anaipanda mchana kweupe inasimama wima, mimi naona inasimama wima, nafanya hivyo hivyo na miche iliyotoka juu ya meza ya chumbani. Mtu anayefundisha maelfu ya watu anaachaje jambo kama hilo? Dakika moja tu ingetosha kulisema.

Kwa nini mche wa dirishani hauwezi? Jua la mchana uwanjani ni kama lux laki moja. Siku ya mawingu ya kawaida ni elfu kumi na kitu. Chumbani, mita moja au mbili kutoka dirishani, mara nyingi hazifiki elfu mbili, japo kwa jicho lako unaona chumba kinawaka mwanga. Na kioo kinachuja sehemu kubwa ya ile miale inayounguza ngozi, kwa hiyo jani halijawahi kukutana nayo tangu lizaliwe. Limejenga ngozi nyembamba, nta kidogo juu yake, halijazoea kufunga vitundu vyake haraka upepo ukipita, na shina halijawahi kusukumwa na kitu. Ukilitoa ghafla linapoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoleta, halafu jua linaliunguza. Ndo maana udongo una maji na mche bado unalala, na ndo maana nilivyokuwa namwagilia nilikuwa nazamisha mizizi tu. Mche unaweza kutengeneza ngozi nene na shina gumu, uwezo huo unao, ila unataka siku kadhaa na unataka uonjeshwe kidogo kidogo.

Kwa hiyo kuna siku kumi za kukomaza miche, hizo ndo naomba uzifanye, nakuomba kama ndugu. Mimi nafanya hivi. Siku ya kwanza naitoa kwa muda wa saa moja tu, kivulini, mahali ambapo upepo haupigi moja kwa moja, chini ya mti au upande wa ukuta usio na jua, halafu narudisha ndani. Siku ya pili masaa mawili, bado kivulini. Ya tatu na ya nne naiongezea jua la asubuhi, kwa muda wa kama saa moja hivi, lile jua la saa mbili asubuhi ambalo halijapata makali, kisha naivuta kivulini. Siku ya tano na sita nusu siku nje, jua la asubuhi masaa mawili matatu. Siku ya saba na ya nane inashinda nje, jua la mchana inalipata kwa kipande. Tisa inashinda juani kutwa. Kumi na kuendelea inalala nje, KAMA usiku haushuki chini ya nyuzi 10, na kama unashuka inarudi ndani kulala, hakuna aibu. Siku ya dhoruba au mvua ya mawe usihesabu, ruka, endelea kesho yake. Wapo wanaofanya siku saba na wapo wanaofanya kumi na nne, angalia majani yatakwambia, jani likibadilika kutoka ule ukijani laini wa kitoto kwenda ukijani uliokolea, na ukilipapasa unalisikia lina unene, mche umeiva. Shina nalo ukilisukuma kwa kidole linarudi lenyewe.

Kipindi hicho punguza maji kidogo, acha udongo wa juu ukauke kati ya kumwagilia na kumwagilia, lakini usifikishe mche kulala. Chungu kidogo kikiwa nje kinakauka haraka sana kuliko kikiwa ndani, kwa hiyo kuangalia ni asubuhi na jioni. Mbolea ya kukuzia acha, inaleta majani laini ya majimaji, hayo ndo ya kwanza kuungua. Na hata sasa hivi ikiwa bado ndani, pitisha kiganja chako juu ya miche taratibu, kwenda na kurudi, mara kadhaa kila siku, mche unaotikiswa unajenga shina fupi nene. Unaonekana kama mtu anayebembeleza majani, sawa, waliopo nyumbani wacheke, nyanya zangu ziko hai.

Najua utaniambia miche imeshakuwa mirefu, inabanana, mizizi inatoka chini ya trei. Hiyo nayo sio sababu ya kuitupa kwenye baridi. Hamishia vyungu vikubwa zaidi, hata makopo uliyotoboa chini yanafaa, nyanya ifukie mpaka karibu na majani maana shina la nyanya lililofukiwa linatoa mizizi pembeni, utakuwa umeufanya mche mrefu kuwa mfupi wenye mizizi mingi. Tango usiliguse mizizi, linakasirika, lihamishe na donge lake zima la udongo lisivunjike. Pilipili iache kwenye kina chake kile kile. Umenunua wiki mbili hapo bila kupoteza kitu.

Sasa suala la pili, udongo. Hapa watu wote wanaangalia hewa, "leo nyuzi 22 mkuu, joto!". Mzizi hauishi hewani. Udongo unapata joto polepole mno, siku nne za jua baada ya baridi ndefu hazijafanya kikubwa kwenye kina cha sentimita kumi. Chukua kipimajoto, hata kile cha jikoni cha kuchomeka kinafaa, kichomeke sentimita 10 chini ASUBUHI mapema kabla jua halijagonga tuta, subiri kitulie, soma. Ukipima alasiri unajidanganya, hiyo ni namba ya juu ya siku. Fanya hivyo asubuhi tatu nne mfululizo. Nyanya nataka nione 15 au 16 isiyoshuka. Pilipili na biringanya 18. Tango, boga na jamaa zake 18 hadi 20, chini ya hapo ukipanda mbegu zinaoza na ukipanda mche unadumaa. Na usiku wa hewani usiwe chini ya 10 kwa nyanya, pilipili nasubiri 12 au 13.

Na usidhani baridi inaua kwa kugandisha tu. Hizi zote asili yake ni sehemu za joto, zikikaa kwenye nyuzi 5, 6, 8 usiku baada ya usiku hazigandi lakini zinaumia ndani. Ile miche yangu 11 iliyopona nilishangilia bure. Majani yakageuka zambarau chini, kwa sababu mzizi ulio kwenye udongo wa baridi unashindwa kuvuta kirutubisho cha fosforasi hata kama kimejaa. Ikakaa wiki tano haijaongeza kitu. Jirani yangu, mama mmoja mtu mzima ambaye hana simu ya kuangalia video, alipanda wiki mbili na nusu baada yangu, miche mifupi minene ilikuwa inakaa kwenye kibaraza chake inaingia na kutoka kila siku, mimi nilikuwa nikimwona nasema huyu mama amechelewa sana. Kufikia katikati ya kiangazi zake zilikuwa zinanifika kifuani na zina matunda, zangu ziko magotini. Yeye ndo aliniambia, "mwanangu, mche haupandwi kwa kalenda, unapandwa kwa joto". Nilinyamaza tu, sikuwa na la kujibu.

Kwa hiyo hata ikiwa uko kaskazini ya dunia mwisho wa machipuko ni Mei, au kusini ni Novemba, tarehe haikusaidii, kipimajoto ndo kinakusaidia.

Siku ukipanda yenyewe, panda jioni au siku ya mawingu, usirudie saa nne yangu. Lowesha chungu masaa mawili kabla ya kuuchomoa mche, lowesha na shimo. Kama unatumia vile vyungu vya kuoza vinavyopandwa pamoja na mche, hakikisha ukingo wa juu umeuchana au umefukiwa kabisa, ukibaki nje ya udongo unafyonza maji kama utambi na kuyapeleka hewani, mzizi unabaki mkavu ndani ya udongo uliolowa. Weka kitambaa cha kivuli au hata kipande cha boksi upande wa jua la mchana kwa siku mbili tatu za kwanza.

Ikitokea umeshapanda na utabiri ukageuka, usilie, funika. Alasiri mwagilia udongo, wala usilenge majani, udongo wenye unyevu unatunza joto la mchana vizuri kuliko mkavu. Kabla jua halijazama funika kwa shuka kuukuu au kile kitambaa chepesi cheupe cha bustani, na hapa ndo wengi wanakosea, kitambaa KISHUKE mpaka chini kiguse ardhi pande zote na ukiwekee mawe, joto unalotaka kulinasa linatoka ardhini kwenda juu. Mtu akifunga juu ya mche kama kilemba na kuacha chini wazi amefanya kazi bure. Plastiki ikiwa ndo uliyonayo iwekee vijiti isiguse majani, panapogusa ndo panapoganda. Kitambaa kile chepesi kinakupa nyuzi 2 au 3 hivi, sio zaidi, ikishuka sana ongeza tabaka la pili. Asubuhi toa, hasa plastiki na chupa zilizokatwa, jua likiwaka ndani mle panachemka na utaua kwa joto mche uliouokoa na baridi.

Na kama ni mtu ambaye ameshaunguza miche na anasoma huu uzi akiwa amechelewa, usiing'oe haraka. Angalia ncha ya katikati, pale majani mapya yanapotokea. Ikiwa bado kijani, jani jeupe halirudi lakini mche utaendelea. Acha mbolea, acha dawa, weka kivuli, subiri wiki. Ncha ikiwa nyeusi kwenye tango ndo basi. Nyanya wakati mwingine inachipua kwenye kwapa la jani la chini, nilipata miwili hivyo.

Ya orodha yako sasa. Matandazo yanaingia hapa hapa, subiri. Ukiweka majani makavu au nyasi juu ya udongo ambao haujapata joto unaifungia baridi ndani, kama blanketi juu ya barafu. Udongo ukishafika zile namba ndo weka, sentimita 5 hadi 7, na uache nafasi kuzunguka shina. Tulipu na dafodili kata ua lililokauka lakini majani yaache mpaka yawe ya njano yenyewe, wiki sita hivi, ndo yanalisha kitunguu cha ua lenyewe kilichoko chini kwa ajili ya maua ya mwakani, na usiyafunge mafundo kwa ajili ya usafi. Vichaka, vile vilivyochanua machipuko haya pogoa maua yakiisha tu, ukingoja hadi kiangazi kiishe unakata matumba ya mwaka ujao. Vile vinavyochanua kiangazi usiviguse sasa. Konokono, toka na tochi usiku baada ya mvua uokote kwa mkono, na hao ndo sababu nyingine ya kutopanda mche laini, mche uliokomaa shina wanautafuna kwa shida, ule wa dirishani wanaumaliza usiku mmoja unakuta kijiti.

Nimeona pia jamaa mmoja hapo juu amekujibu "panda tu mkuu, mbona kwangu iliota". Muulize mambo mawili tu. Miche ilikuwa inakaa wapi siku kumi kabla ya kupanda, na udongo wake ulikuwa nyuzi ngapi asubuhi ile. Kama ana majibu, msikilize. Kama hana, alibahatika na usiku wenye mawingu, na bahati yake haikuhusu wewe.

Kesho Jumamosi kazi unayo, sio kwamba nakuambia ukae. Amka kabla jua halijachomoza, chomeka kipimajoto sentimita kumi kwenye tuta unalotaka kupanda, soma namba. Ikifika saa tatu toa trei iweke upande wa kivuli kwa muda wa saa moja, kaa nayo karibu, rudisha ndani. Halafu uje hapa uandike hiyo namba ya udongo na uniambie usiku wa leo ulishuka mpaka ngapi, nikipata hizo mbili tutapanga pamoja siku ya kupanda, nipo naufuatilia huu uzi.